Mtega Mbu wa Kikula

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ndege za ONU, Umoja wa Mataifa, zinanguruma juu ya mji wa Likasi, lakini mtega mbu aliendelea kuzunguka mtaa wa Kikula kama mtu atembeaye usingizini. Mikono yake ilikuwa minene, ila mrija wa kioo aliubana mdomoni, akavuta pumzi polepole kama anyonyaye uji wa moto, na mbu akaingia mzima.

Kwa mzee Placide alivua viatu. Chumba kilikuwa hakijafagiliwa tangu Angèle, mke wa mzee, afariki mwezi uliopita, matanga hayajaisha.

"Weye unatafuta nini mu mbu?" mzee aliuliza.

"Vijidudu, baba, vile macho haioni. Vinaishi mu tumbo yake. Damu inaisha mbio, vyenyewe vinabaki."

"Kumbe mbu naye iko na wapangaji!"

"Wengi kupita Kikula."

Juu ya kitenge cha Angèle, kilichoning'inia msumarini, alitua mbu mwenye tumbo jekundu. Wenye damu kama huyo ndio aliowatafuta kuliko wote. Akasogeza mrija.

"Ule muache," mzee alinong'ona. "Alimunywa mama Angèle damu."

Mtega mbu alijua damu ya mwezi uliopita haiwezi kuwa bado tumboni mule. Hata hivyo akauchomoa mrija mdomoni, akatoka kinyumenyume, pumzi ameibana, asije akampeperusha mbu yule.