Siku Niliyovaa Miwani ya Nkambo Numbi

Iko siku moja nisiyoisahau, mwanangu. Nilikuwa nimepita kidogo miaka arobaini, nikishona nguo hapa Kamina, upande wa nyumba za watu wa reli, na bado nilijiona kijana. Lakini uzi ulikataa kuingia sindanoni. Nausogeza mbali, naurudisha karibu, wapi. Babu yangu alikufa kipofu, nami nikaamini zamu yangu imefika. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nikafunika mashini, wateja nikawatuma kwa washonaji wengine.

Ndipo Nkambo Numbi, yaani Bibi Numbi, shangazi mzee wa mume wangu, akaja kututembelea kutoka Kaniama. Alinikuta nikichagua maharagwe, sahani nimeisogeza mbali, vidole vikipapasa mawe.

“Mashini njo iko mugonjwa, ao weye?” aliniuliza.

Nikamweleza yote, machozi yakinitoka. Hakunipa pole. Alivua miwani yake, akanivisha.

Mwanangu, niliona nyuzi za kitenge changu, mmoja mmoja. Nikaona tundu la sindano, mistari ya kiganja, sisimizi akiburuta chembe ya unga. Niliokota kila kitu nikikitazama kama mtoto. Kisha nikatoka nje nione na barabara. Pikipiki zote zilikuwa ukungu, nusura nianguke mlangoni.

“Nkambo, juu ya nini inafungua karibu, inafunga mbali?”

“Minyi siyue,” akasema. “Twende tuulize.”

Muganga wa macho, yaani daktari, alinipima. “Macho yako haina bugonjwa, mama. Iko inazeeka tu, sawa ya bantu bote.” Akanieleza kwamba ndani ya jicho mna kioo laini, nacho hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, hata kishindwe kujikunja kwa vitu vya karibu. Nilijaribisha miwani ya kila namna, nikiuliza mpaka akacheka. Ile ya sehemu mbili, juu ya mbali, chini ya karibu, ilinipandishia sakafu miguuni nilipotazama chini. Nkambo yeye aliipenda, maana kanisani angemwona mhubiri na kusoma Biblia yake bila kuivua. Ile inayobadilika polepole bila mstari ni nzuri, ila bei yake kali. Macho yangu ya mbali yalikuwa mazima, basi nikachukua nusu miwani ya karibu, nikimchungulia mteja kwa juu.

Mume wangu aliposikia mashini ikilia tena, alicheka peke yake uani.

Basi sikia, mwanangu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Maandishi yakianza kukukimbia, usijihukumu kipofu, nenda upimwe. Miwani ya mwingine ikuonyeshe njia tu, usiishi nayo, kwani nguo ya kuazima haisitiri. Chagua kwa kazi ya mikono yako, na usione haya kuuliza.

Mungu akujalie miaka mingi, na katika miaka hiyo uzijue sura za wajukuu wako, wakiwa mbali njiani na wakiwa mapajani pako.