Suruali ya Mashine

Mume wangu Adolfu ana mashine ya kusaga hapa Pito. Zamani ukimtafuta, ulitafuta mtu mweupe kuanzia kope hadi kandambili, anayekohoa. Kanisani padri alizoea kukatisha mahubiri, amsubiri amalize. Bomba la mashine lilikuwa linatema vumbi la unga nje kutwa nzima, nguo zangu za rangi naanua zote za biarusi. Nagomba, yeye anacheka.

Mpaka daktari alipomwambia, "Mzee, zuia hilo vumbi au achana na mashine. Kifua hicho kimechoka." Niliogopa, sifichi. Mume ndiye huyohuyo, sina wa akiba.

Fundi mashine akatuelekeza tufunge mfuko mrefu wa kitambaa kizito pale bombani; hewa itapenya, vumbi litabaki ndani. Kushona? Cherehani ndiyo kazi yangu! Ila maisha yangu yote nimeshona sare za shule, basi mkono ukaenda ulikozoea, nikatoa kitu chenye miguu miwili. Mashine ikiwashwa kinajaa upepo, kinasimama ukutani, suruali ya jitu, matako tele. Pito nzima ikaja kushangaa. Adolfu akaniuliza, "Mama Jenifer, na zipu je?"

Hewa ikawa safi. Wateja nao wakakatika.

Sisi huku mashine tunaijua kwa vumbi lake. Ukiona wingu jeupe juu ya paa, unajitwika mahindi unakwenda. Pasipo wingu, mashine imechoka. Bibi Lucia, mteja wetu wa tangu na tangu, alisimama barabarani na ndoo yake kichwani, akatazama paa, akasikitika.

"Pole, mwanangu. Imekufa lini?"

"Shikamoo, bibi. Haijafa! Si unaisikia inavyonguruma?"

"Marahaba. Hata mgonjwa hukoroma," akasema, akateremka bondeni kwenye mashine ya Romani, ambako wingu lilionekana.

Wiki zikapita hivyo. Adolfu akaanza kuitazama suruali kwa jicho baya. "Niifungue kidogo tu, watu waone vumbi."

"Ifungue, nikuzike nayo," nikamjibu. Tukanuniana.

Jumamosi moja Bibi Lucia akapita anatoka kwa Romani. Nilikuwa nakung'uta suruali, maana ilishiba. Mguu mmoja tu umejaza ndoo, unga mweupe pee. Akatua mzigo wake.

"Huu wa nani?"

"Wa mahindi ya watu, bibi. Ndio ule uliokuwa unapaa juu ya paa."

Akachovya kidole, akalamba. Akageuka polepole kulitazama lile wingu la bondeni.

"Ugali wangu!" Weee! Bibi wa watu alitimka na umri wote ule, khanga mkononi. "Romani! Zima! Zima nakwambia!"

Kesho yake foleni yetu ilifika barabarani. Sasa kila mtu akimaliza kusaga anataka suruali ikung'utwe mbele yake, apewe chake. Romani naye amekuja kupimwa ya kwake.

Jumapili iliyopita padri alifika katikati ya mahubiri, akanyamaza kama kawaida. Tukasubiri. Adolfu kimya. Watu wakageuka, padri akavua miwani, na mimi machozi yakanitoka hapohapo kwenye benchi.

Bibi Lucia akainama kutoka nyuma, akaninong'oneza, "Naye amekufa lini?"