Mgonjwa wa Madeira

Ilianza na mwenzangu wa kazi, Mreno, ambaye tunaosha naye wazee katika nyumba ya wazee huko Ixelles, hapa Brussels. Yeye ni mtu wa Madeira, kisiwa cha Wareno kilicho baharini huko mbele ya Moroko. Siku moja tukibadilisha mashuka akaniambia shangazi yake ana chumba chenye jiko dogo na veranda, anawapangisha watalii, na kwamba mwezi wa tatu, watalii wakiwa wachache, ataniachia kwa bei ya ndugu. Nilicheka. Mimi na utalii wapi na wapi? Lakini nilipofika nyumbani Saint-Josse, hata koti sijavua, tayari nilikuwa napanga.

Katika miaka ishirini na minne ya ndoa, mimi na mume wangu tumesafiri mara nyingi, na kila mara ni kilio au sherehe ya mtu. Paris kilio, Liège komunyo, Lille kilio tena, London harusi iliyoishia kwa ugomvi wa mashemeji. Tumelala kwenye magodoro ya watu, nimepika kwenye masufuria ya watu. Sijawahi kukaa na mume wangu siku saba mahali ambapo hakuna anayemwita, "Papa, kuya kidogo." Hizo siku saba ndizo nilizozitaka. Bahari ilikuwa nyongeza tu.

Nilichukua daftari la miraba aliloliacha binti yetu alipokwenda chuo, nikaandika kila kitu. Ndege ya Jumanne, kwa sababu Jumanne haina mwenyewe, bei iko chini. Sanduku hakuna, kila mtu begi moja la kuingia chini ya kiti, na nililipima kwa futi ya kushonea, mara mbili. Teksi hakuna, kuna basi kutoka uwanja wa ndege hadi Machico, mji wa shangazi. Unga na maharage tungebeba wenyewe, samaki tungenunua kulekule, na mgahawani tungeingia mara moja tu, mchana, wakati chakula cha siku ni rahisi. Matembezi ni bure: milimani kuna mifereji ya maji ya zamani, na kando yake kijia cha miguu kisicho na mtu wa kukutoza. Ufukwe nao bure. Mwenzangu aliniambia mchanga wa pale Machico si wa pale, ulibebwa kwa meli kutoka Moroko. Nikamwambia mchanga huo una bahati, umevuka bila kuulizwa karatasi.

Mume wangu alifurahi, siwezi kumsingizia. Alijinunulia kaptula ya kuogelea, ya buluu, akaijaribu mbele ya kioo cha kabati akiwa na soksi zake miguuni. Nilicheka hadi nikakaa chini. Miaka mingi nilikuwa sijamwona hivyo.

Tiketi zilipokatwa, akasema lazima tuage.

Kwetu mtu hasafiri bila kumuaga mkubwa wake. Mkubwa wa mume wangu ni kaka yake, anayekaa Molenbeek. Ndiye aliyempokea mume wangu alipofika Ubelgiji na nguo za mwilini tu, na tangu siku ile hajawahi kumwacha asahau. Nilimwambia kwa siku saba tunaaga nini? Akanijibu, "Maman, nikienda bila kumuambia grand, nitakuwa mutoto wa namna gani?" Basi Jumapili baada ya misa tukaenda.

Tulipewa chai. Televisheni ilikuwa inaonyesha habari za vita vya Kivu, kwetu Kongo, watu na magodoro yao vichwani, barabara ninayoijua. Shemeji akapunguza sauti.

"Madère," alisema. "Bon. Na munaenda kuona nani kule?"

Hakuwa na ubaya wowote. Kwetu mtu haendi mahali, anaenda kwa mtu. Na jibu lilikuwa fupi: hatuendi kwa mtu, ninaenda kupumzika na bibi yangu. Nilimgeukia mume wangu, nikamngoja aseme. Yeye alikuwa anaangalia televisheni.

"Kuko ndugu moja," akasema mwishowe. "Tulisoma naye ku Bukavu. Iko mugonjwa. Mugonjwa sana."

"Anagonjwa nini?"

"Les reins. Figo."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakirudisha mezani polepole, nisije nikakirusha.

Ndani ya metro nilimuuliza amerogwa na nani. "Donc ningesema nini?" akanijibu kwa sauti ya chini. "Batu banalala chini ya vitanda kule, miye niseme naenda kuogelea?" Nikamwambia hata miye niko na batu kule. Niko na mama. Kila asubuhi nampigia kujua kama ameamka, halafu naenda kuosha mama za wengine, na bado naomba siku saba na bwana yangu. Aibu yake niliielewa, hata mimi ninayo. Lakini niliichukia, kwa sababu kuliko aonekane amepumzika nami, alikuwa radhi kuumba mtu mzima na kumpa figo mbovu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya mume wangu ilikuwa na vituo. Alhamisi, kwenye kikundi chetu cha sala, shemeji alisimama akaomba tumkumbuke ndugu yetu wa Madère, anayeteseka ugenini peke yake. Watu wa Kivu kwa kuomba hatujambo. Waliomba hadi jasho likawatoka, na mimi nikasema Amina pamoja nao. Wiki iliyofuata wakaanza kuleta vitu vya mgonjwa: sombe, majani ya muhogo, iliyogandishwa, sambaza wakavu, dagaa wa ziwa la kwetu, chupa ya mafuta ya baraka, sweta ya kufumwa kwa mkono kwa sababu figo hazipendi baridi. Begi langu la chini ya kiti, nililolipima mara mbili, likajaa. Mtu ambaye hakuzaliwa alikuwa na mizigo mingi kuliko mimi.

Zikiwa zimebaki siku nne, shemeji alipiga simu. Amefikiri sana, hawezi kumwacha mgonjwa mikononi mwa watu wawili tu, naye amekata tiketi, ndege ileile.

Mume wangu alikaa kitandani. Nikamwambia, "Sema kweli. Mupigie sasa hivi. Atakasirika siku mbili, itaisha." Alichukua simu akatoka kwenye balkoni, akafunga mlango. Nilimwona kupitia kioo, mkono kichwani, anaongea, ananyamaza, anaongea. Niliwaza: anasema. Hatimaye anasema. Nilimwonea huruma, nikaenda kumbandikia chai.

Akarudi ndani. "Nimesema amekufa," akaniambia.

Sijawahi kumpiga mtu maishani. Siku ile nilikalia mikono yangu.

Kifo kwetu hakiishi kwa neno, ni kazi. Kesho yake viti vililetwa nyumbani kwetu, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa familia ya marehemu. Makochi yakasukumwa ukutani, masufuria makubwa yakaja. Waliuliza picha ya marehemu. Mume wangu akasema zote ziliungua katika vita. Watu wakatikisa vichwa, maana hilo kila mmoja analijua. Mama mmoja alilia hadi tukamshika mikono. Baadaye jikoni akaniambia alikuwa anamlilia kaka yake wa Uvira, aliyezikwa yeye akiwa huku hana la kufanya. Nilimkumbatia nikaona haya hata kumwangalia usoni. Kilio chake kilikuwa cha kweli, kwenye nyumba ya uwongo, na kwa hilo nalo nilimwekea mume wangu kinyongo.

Siku ya pili ya matanga shemeji akatoa uamuzi. Mfiwa haachi nyumba yenye kilio, na yeye kama mkubwa hawezi kuwaacha watu. "Alors, mimi na mudogo yangu tutabakia kupokea batu," akasema. "Shemeji, weye uko na tiketi. Uende utuzikie."

Chumba kizima kilinigeukia. Mimi nikamgeukia mume wangu. Nilimpa nafasi ya mwisho, na alijua, kwa sababu macho yetu yalikutana. Angeweza hata kusema tumbo linamuuma. Maneno mawili matatu tu, halafu aibu, halafu siku saba zetu.

"Uende, maman," akasema. "Utatusemea kwaheri."

Akina mama walinivika. Gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, shali nyeusi ya kuazima. Jumanne nikapanda ndege katikati ya Wabelgiji waliovaa kofia za jua, begi langu likinuka sambaza. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, na kingine tena mbele kidogo, cha shemeji.

Basi lilikuwa lilelile la kwenye daftari. Shangazi wa mwenzangu alikuwa ananisubiri kwenye ngazi, mama mnene wa mikono mikubwa. Kifaransa alikijua, alifagia ngazi za watu Brussels nusu ya maisha yake. Verandani alikuwa ameandaa meza: sahani mbili, vikombe viwili, ndizi fupi za pale kisiwani, mkate wa duara bado una moto. Alitazama nguo zangu, halafu akatazama barabarani nyuma yangu.

"Et monsieur?" aliuliza.

Nilikuwa nimeandaa jibu ndani ya ndege: kazi imembana, anasalimia. Jibu jema, la mke mwenye adabu.

"Amekufa," nikasema.

"Lini?"

"Wiki hii."

Akapiga ishara ya msalaba, akanivuta kifuani. Nikalia, na sikuwa naigiza. Nilijua habari hiyo itamfikia mwenzangu kazini, na kwamba nikirudi nitakuwa na maelezo ya kutoa. Sikujali. Aliponiachia, alichukua sahani moja na kikombe kimoja, akavirudisha jikoni.

Nilikaa. Nilipofungua begi kutafuta simu, mkono uligusa ile kaptula ya buluu chini ya sweta ya mgonjwa, karatasi ya dukani bado imening'inia. Mume wangu alikuwa ameandika: *Umefika? Huku batu ni bengi sana. Banatupa pole.*

*Hata huku wananipa,* nikamjibu. Nikazima simu, nikamenya ndizi.