Kumi na Nne kwa Kumi na Moja

Watu wakisikia kwamba niliwahi kulipwa mshahara kwa kucheza mpira wa vinyoya, kitu cha kwanza wanachouliza ni vikombe viko wapi. Sina hata kimoja. Nilicheza miaka sita, karibu kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, na katika miaka yote hiyo nilishinda mchezo mmoja tu. Kushindwa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Wengine nikifika hapo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana ukianza kumweleza mtu ambaye hakuiona Nachingwea ya wakati ule, utachoka wewe kabla yake.

Nilitoka kwetu Ruangwa nikiwa kijana wa kutafuta pesa ya kodi, wakati Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wanaokota kila mwenye mikono kwenda kung'oa visiki. Karanga zenyewe tunajua zilivyokwenda. Mvua ilikataa, ardhi ikakauka ikawa ngumu, na godauni la mabati lililojengwa kwa ajili ya mavuno likabaki tupu na sakafu yake nzuri ya saruji. Wazungu wakaona ni hasara kuiacha hivyo. Wakachora mistari myeupe, wakafunga wavu katikati, wakaliita klabu. Mimi nikatolewa kwenye visiki nikapewa ufagio, nifagie lile vumbi jekundu linaloingia kila upande, kisha ninyunyizie maji.

Nikapewa na kazi ya kutunza vinyoya. Kwa asiyejua, mchezo huu hauna mpira. Kuna kipande kidogo cha gome laini kilichochomekwa manyoya ya bata kukizunguka, na hicho ndicho mnachopigiana juu ya wavu kwa raketi. Kwa joto letu manyoya yale hukauka na kukatika kwa pigo la pili. Basi kila mchana nilichemsha maji kwenye birika, nikavishika vinyoya kimoja kimoja juu ya mvuke mpaka vinywe unyevu kidogo. Ukizidisha vinakuwa vizito, ukipunguza vinakatika. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na hata leo nikiona birika linatoa mvuke vidole vyangu hujikunja.

Siku moja walikosa mtu wa nne wa kucheza wawili kwa wawili. Mkuu wa karakana ya matingatinga, ambaye pia ndiye alikuwa mkubwa wa klabu, akanitupia raketi. Sisi tulimwita Bwana Karakana. Mtu mrefu, mwekundu shingoni, si mkorofi. Nilikuwa nimewatazama kwa miezi na nilijua kila mmoja anapiga vipi, kwa hiyo mkono ulijua wapi pa kwenda kabla yangu. Baada ya muda mfupi akataka tucheze wawili peke yetu. Nikamshinda, kumi na tano kwa tatu. Nilifurahi kama mwendawazimu. Nilitoka nje nikawasimulia wafagiaji wenzangu mpaka wakanichoka.

Sikugombezwa. Hakuna aliyenipiga wala kunikata mshahara. Ila kwa wiki tatu hakuna aliyeniita tena uwanjani. Nilifagia, nikanyunyizia maji, nikachemsha birika, na raketi zikapita mbele ya macho yangu. Wiki ya nne Bwana Karakana akaniita, nikacheza, nikashindwa kwa pointi tatu, akanipiga begani na kusema, "Mchezo mzuri sana." Kesho yake wakaniandikia kazi mpya: mchezaji wa klabu, wa kucheza na yeyote asiye na mwenzake. Nataka ieleweke kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniambia nishindwe. Nilijifundisha mwenyewe.

Na kushindwa vizuri kunahitaji ufundi, asikudanganye mtu. Mke wa mpima ardhi alitaka kushinda mapema, akaoge kabla ya chai. Bwana Karakana alitaka kushinda kwa jasho. Kwake nilitangulia mpaka kumi na tatu, kumi na nne, kisha nikaanza kuanguka polepole. Kinyoya kinagonga utepe wa wavu na kurudi kwangu. Au kinatoka nje ya mstari kwa upana wa kidole. Au nachelewa nusu hatua. Unazichanganya, na uso lazima uonyeshe uchungu. Mwanzoni nilikuwa nafikiri kila mara: sasa hiki nikiache. Baada ya mwaka mmoja au miwili nilikuwa sifikiri tena, kama vile mtu hafikiri anapotafuna.

Mwaka wa sita ndipo nilipotaka kuoa. Binti alikuwa wa Ruangwa, jirani na kwa mama yangu, mcheshi, ulimi mkali, macho ya kuona kila kitu. Nilimpenda kupita kiasi. Naye alinitaka, aliniambia hivyo bila kuzunguka. Tatizo lilikuwa desturi. Kwetu sisi Wamwera mwanaume ndiye anayehamia kwa mkewe, awalimie wakwe zake mpaka waridhike kwamba mkono wake una kazi. Na mwenye kauli juu ya binti si baba yake, ni mjomba wake. Mimi nikifanya hivyo nimepoteza klabu. Kwa hiyo nikaenda kwa mjomba wake kuomba kitu ambacho kwetu hakikuwahi kuombwa: nimchukue binti, nikaishi naye Nachingwea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Lete mikono yako niione."

Nikampa. Mzee akaigeuza, akaipapasa kiganjani. Mkono wa kulia ulikuwa na sugu nene chini ya vidole. Wa kushoto ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga.

"Jembe linaotesha sugu mikono yote miwili," akasema. "Huu mmoja umefanya kazi, huu mwingine ulikuwa umelala. Ni kazi gani hiyo?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka, jambo ambalo nalishukuru mpaka leo. Akasema, "Mimi sijui vinyoya. Nitakuja niione hiyo kazi kwa macho yangu, na mtoto nitakuja naye, aone atakachokula. Nikiona ni kazi ya mwanaume, utamchukua. Nikiona ni mchezo, utarudi hapa ulime."

Nilirudi Nachingwea nikiwa sina usingizi. Nitamwonyesha nini? Mtu anayeshindwa na mama anayewahi chai yake? Nilikuwa nimebanwa kila upande na sikuona mlango. Ndipo Bwana Karakana mwenyewe akaufungua. Kazi ya karanga ilikuwa inakufa, matingatinga yanauzwa, na yeye alikuwa ameambiwa arudi kwao mwezi ule. Alinikuta kwenye birika langu. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kifupi.

"Jumamosi tucheze, mimi na wewe. Cheza kweli."

"Nacheza kweli siku zote, Bwana."

Akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Miaka sita mimi nashinda. Kabla sijaondoka nataka kujua. Tafadhali."

Hakuwahi kuniambia tafadhali kabla ya siku hiyo. Nikasema ndiyo, na nikatuma salamu Ruangwa siku hiyo hiyo kwa dereva wa lori: njooni Jumamosi.

Walifika asubuhi. Mjomba alikuwa amevaa kanzu safi, binti ameleta kikapu cha ufuta kwa ajili yangu. Watu wetu hawakuruhusiwa kuingia ndani wakati wa mchezo, ila godauni lilikuwa na madirisha mapana ya waya, na wafagiaji wenzangu wakawapisha pale penye kivuli. Mmoja akajitolea kumweleza mjomba hesabu: wa kwanza kufika kumi na tano ndiye mshindi, na pointi anaipata yule aliyeanzisha tu. Tulianza baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimevipa vinyoya mvuke wa kutosha, nimevipima kwa mkono, hakuna hata kimoja kilichokuwa na kosa. Nasema hivyo ili nisije nikasingizia vinyoya.

Nilicheza. Wallahi nilicheza. Bwana Karakana alikuwa na nguvu siku hiyo kuliko siku zote, naye alikimbia mpaka shati likamganda mgongoni, lakini nilimpeleka nyuma, nikamrudisha mbele, nikamzungusha uwanja mzima. Dirishani nilisikia sauti ya binti akicheka kwa furaha, na mjomba akasema "Ehe!" kama mtu anayeona jembe likiingia vizuri ardhini. Nikafika kumi na nne. Yeye alikuwa na kumi na moja. Zamu ya kuanzisha ilikuwa yangu.

Nikaanzisha. Akarudisha vibaya, kinyoya kikapanda juu, kikaanza kushuka mbele yangu taratibu kabisa, na yeye alikuwa kona ya mbali. Mtoto wa miaka kumi angekimalizia pale. Nikainua mkono. Nilitaka kukipiga katikati ya uwanja, najua nilitaka. Kifundo cha mkono kikageuka kidogo, na kinyoya kikaenda nje ya mstari kwa upana wa kidole.

Nilidhani ni bahati mbaya. Akaanzisha yeye, nami nikagonga utepe. Kumi na mbili. Akaanzisha tena, nikafika nimechelewa nusu hatua. Kumi na tatu. Hapo nikaogopa. Nilikuwa nauona mkono wangu unavyofanya, na nilikuwa naujua mpangilio ule, mimi ndiye niliyeutunga. Nikaibana raketi mpaka vidole vikafa ganzi, nikajiambia katikati, piga katikati tu, usilenge popote. Nje kwa kidole. Kumi na nne. Na baya kuliko yote, nilihisi uso wangu umejikunja, unaonyesha uchungu, ule ule wa kila siku, na safari hii uchungu ulikuwa wa kweli na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuutofautisha.

Kinyoya cha mwisho kiligonga utepe, kikatulia juu yake kidogo, kikarudi kwangu.

Wazungu wakapiga makofi. Bwana Karakana hakupiga. Alikuja mpaka kwenye wavu anahema, akanitazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Hata leo?" akasema.

"Bwana, leo sikukuachia."

"Hata leo," akarudia, ila sasa hakuwa anauliza. Akaweka raketi yake juu ya benchi na kutoka. Aliondoka Nachingwea wiki ile na hakuja kuniaga.

Niliwasindikiza mjomba na binti mpaka pale lori la Ruangwa linapopakia. Kikapu cha ufuta alikuwa amekishika tena binti, na sikujua kama ananisaidia kubeba au anarudi nacho. Mjomba ndiye aliyesema kwanza, kwa upole.

"Ni kazi. Nimeona jasho. Na kushindwa si aibu, mwanangu, mimi mwenyewe shamba limenishinda mara nyingi."

Nilitaka kumbusu mikono. Lakini binti alisimama katikati ya njia.

"Mjomba, huyu hakushindwa. Mimi nimemtazama. Amemwachia yule Mzungu."

"Sikumwachia."

"Ulikuwa unamchezea kama paka na panya. Halafu mara moja tu hujui kitu? Umenileta kutoka Ruangwa nije nione unavyompa mwingine kilicho chako?" Akaninyooshea kidole. "Kesho akija mtu akanitaka mimi, utageuza mkono?"

Mjomba akaniangalia. Ule upole ulikuwa umetoka usoni. "Sema mbele yetu," akasema. "Umeshindwa, au umemwachia? Ukisema umeshindwa nitakuamini, na mtoto ataniamini mimi."

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na lilikuwa mdomoni. Lakini niliona kile kinyoya kinavyoshuka taratibu, na mkono wangu unavyogeuka, na nikatafuta ndani yangu ni nani aliyeugeuza, nikakosa mtu. Wale wawili walikuwa wananisubiri. Dereva alishawasha gari.

"Sijui," nikasema.

Binti akapanda lori. Akaweka kikapu mapajani, akatazama mbele. Mjomba alisita kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha naye akapanda.

Klabu ilifungwa mwaka uliofuata, na lile godauni baadaye likawekwa korosho. Nilirudi Ruangwa na jembe, nikaotesha sugu mkono wa kushoto pia. Nikamkuta binti ameolewa na mkulima wa ufuta, mtu mwema, sina neno naye. Tukikutana sokoni tulisalimiana vizuri.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile, lori lilipopotea kwenye vumbi, sikujua pa kwenda isipokuwa klabuni. Nikafagia sakafu, nikaokota vinyoya vilivyokatika, nikachagua vizima nikavirudisha kwenye boksi lake. Jumatatu ilikuwa siku ya mke wa mpima ardhi, naye alipenda kumaliza mapema.