Siku Niliyomnyamazia Chemutai

Moshi wa kukaushia tumbaku hautoki kwenye nguo hata ukizifua mara tatu. Hilo nililijua Kitale, nikiwa na miaka kumi, baada ya mama kufariki na baba kunitoa Malakisi kunipeleka kwa shangazi. Sweta yangu ilinuka banda letu la tumbaku, na kwangu ile ilikuwa harufu ya mama. Kwa watoto wa darasa la nne ilikuwa kichekesho. Siku ya kwanza wakanipa jina la Sigara. Siku ya pili wakagundua kwamba nikitaka kusema "lori" natoa "roli", kama wengi wa kwetu, na tangu hapo kila asubuhi walinizunguka langoni. "Sigara, si useme lori! Sema!" Nikaacha kusema kabisa. Mwalimu akiniuliza swali nilisimama nikitazama vidole vya miguu yangu mpaka achoke na kuniambia nikae.

Aliyenitesa kuliko wote alikuwa Chemutai, msichana wa miaka kumi na minne kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Alikuja mwaka ule masomo ya msingi yalipofanywa ya bure, na kwa kuwa alikuwa mrefu kumshinda mwalimu, wakamweka darasa la nne bila kumuuliza alijua nini. Kilikuwa kiangazi, na kila mwanafunzi alitakiwa kuleta maji ya kumimina kwenye tangi la shule. Chemutai alinibebesha dumu lake pamoja na langu, akawa anatembea nyuma yangu mikono mitupu, akinihimiza kama anayeswaga ndama.

Mchana mmoja alinikuta nyuma ya jikoni nikila githeri peke yangu. Akachukua kitabu changu cha Kiswahili, nami nikajua atakirarua. Badala yake akaweka kidole juu ya neno. "Hii inasema nini?"

"Soma wewe," nilimjibu, na sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Aliondoa kidole. Kisha akasema, polepole, "Sijui kusoma. Na ukiambia mtu, nitakupiga."

Sikumwambia mtu. Kuanzia siku ile tulikutana kila mchana katikati ya mabua makavu ya mahindi ya shule, mimi nikisoma, yeye akifuata kwa kidole, jasho likimtoka puani. Nilipokosea matamshi hakucheka. "Hata mimi kwetu nikiongea Kiswahili wananicheka," aliniambia. Alianza kubeba dumu langu juu ya lake, na walionizunguka langoni wakatawanyika. Kabla ya muhula kuisha aliandika jina lake lote bila kutazama popote, akaliangalia kwa muda mrefu, halafu akalifunika kwa kiganja kama kitu kinachoweza kuibiwa.

Wiki iliyofuata tulikuta tangi limekauka na uwanja umekuwa matope. Mtu alikuwa ameacha mfereji wa tangi wazi jioni. Mimi nilimwona. Alikuwa Linet, kiranja wetu, binti wa mwalimu wa darasa letu, aliyenawa miguu akakimbia alipoitwa na mama yake. Lakini kwenye paredi mwalimu mkuu alimwita Chemutai mbele, kwa sababu kila kitu kilichoharibika shuleni kilikuwa chake. "Si mimi, mwalimu," alisema. Mwalimu mkuu akatugeukia. "Kuna aliyeona?"

Niliyajua maneno yote. Yalikuwa machache. Nilifungua mdomo, nikaona mamia ya macho, nikasikia kicheko ambacho hakikuwa kimeanza bado, nikaufunga. Chemutai alinitazama mara moja tu. Hakujua kwamba niliona, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: alikuwa anatafuta uso wa rafiki.

Aliambiwa asirudi bila mzazi. Wazazi wake walikuwa mbali mlimani, na shemeji yake, ambaye Chemutai aliishi nyumbani kwake, alisema hana siku ya kupoteza kwa walimu. Akampeleka Ndalu kulea watoto wa watu. Nilipomwambia shangazi ukweli, miezi ilikuwa imepita. Aliacha kuchambua mboga, akanitazama. "Sasa mwanangu, unaniambia mimi nifanye nini?"

Leo naishi Bungoma, na kazi yangu ni kusimama mbele ya wakulima na kuongea. Wananisifu kwa sauti yangu. Mwaka jana nilimtafuta yule mwalimu mkuu, aliyestaafu na kurudi kwake Tongaren, nikamweleza yote: tangi, Linet, kimya changu. Alinisikiliza kwa heshima, kichwa kimeinama. Nilipomaliza aliuliza, "Chemutai yupi? Walikuwa wengi." Nikamweleza urefu wake, nikamtajia jina la baba yake. Alitikisa kichwa. Kisha akamwita mkewe atuletee chai.