Mihrabu Ndani ya Viroba

Ziada binti Tawakali alirithi uchomaji chokaa kwa marehemu baba yake, pamoja na kikohozi. Saruji ilipoingia Kilwa watu walimcheka, hadi mafundi wa kukarabati msikiti wa kale walipokuja kusema magofu hayataki saruji, yanataka chokaa ya Bi Ziada. Kichwa kikamvimba, na ilikuwa haki yake.

Msimu huu matumbawe ya kuchoma yalipungua ufukweni, akachukua mawe ya kifusi kilichokuwa shambani kwa shemeji yake, nyuma ya magofu. Yaliungua vizuri ajabu.

Jana asubuhi fundi Sadick wa msikitini alifuata viroba sita vya mwisho vya chokaa. Kando ya tanuri lilibaki jiwe moja, na mvua ilikuwa imeliosha udongo. Sadick akaruka kama aliyekanyaga nyoka. Lilikuwa limechongwa maua na aya ya Kurani.

"Bi Ziada, hili umelitoa wapi?"

"Shambani kwa shemeji. Kwani linauma?"

"Mama, hii mihrabu, pale anaposimama imamu! Tunaitafuta tangu Shaabani! Mengine yako wapi?"

 Ziada akanyooshea kidole viroba.

"Na yale ya mwezi jana?"

"Si mmeshapaka ukutani?"

Sadick alikaa chini kwenye majivu, na suruali yake safi. Msikiti ulikuwa umepigwa lipu kwa mihrabu yake wenyewe.

"Usipakie hata kiroba kimoja," Ziada alisema.

"Tuvifanyeje sasa? Tuvisalie?"

 Ziada alikuwa ameshapiga magoti mbele ya tanuri, anachambua jiwe moja moja kutoka ndani, anatafuta ambalo halijaungua.