Mke wa Aliyeliwa na Simba

Simba aliyemuua Mboje hakupigwa risasi. Askari wa wanyamapori walimlaza kwa sindano huko bondeni Ilemba, wakampakia kwenye lori hadi Sumbawanga, kwenye ile bustani ya wanyama ya zamani ambayo vizimba vyake vilishaanza kuliwa na kutu. Miaka mingi haikuwa na simba. Watu wakafurika.

Mjane, Kabula, alibaki na watoto tu; ng'ombe walichukuliwa na shemeji zake mara baada ya matanga. Mkuu wa bustani, Bwana Christopha, alipokuja kutoa pole alimpa kazi ya kufagia. Kabula akaipokea kwa mikono miwili, akahamia Sumbawanga na wanawe. Hakujua kwamba angepangiwa kufagia mbele ya kizimba cha simba yule.

"Ndiye huyu mke wa aliyeliwa?" wageni waliuliza.

"Ndiye," Christopha alijibu. "Mama, hebu waeleze."

Akaeleza jinsi mumewe alivyomfuata mtamba aliyepotea, na jinsi walivyookota buti lake moja. Mara ya kwanza alilia, wageni wakampiga picha, simba akionekana nyuma yake. Baadaye machozi yalikauka, na Christopha akalalamika: "Siku hizi unasimulia kama unasoma taarifa ya habari."

"Dada Kabula, si ukatae?" Justa, mkata tiketi, alimwambia.

"Nikikataa, wanangu watakula nini?"

Kipupwe kilipokolea, simba aliugua mapafu, akafa. Christopha alilia kabisa. Wakamzika karibu na geti, wakamjengea kaburi la sementi na kupanda maua. La Mboje kule Ilemba lilikuwa tuta la udongo, na mvua zilishalisawazisha.

"Bosi," Kabula alisema, "naona mfuko mmoja wa sementi umebaki. Naomba nikamjengee mume wangu."

"Hiyo ni mali ya bustani, mama. Haitumiki kwa mambo binafsi."

Siku ya kuzindua kaburi aliitwa mbele ya wageni aseme neno kuhusu simba. Alisimama, upepo ukipeperusha khanga yake.

"Mume wangu aliitwa Mboje," alisema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza."

Akarudi kukaa. Wageni wakampigia makofi.

Hakufukuzwa, aliacha mwenyewe. Sasa yuko Ilemba, anavuna mpunga kwenye mashamba ya watu, na watoto wawili wakubwa wameacha shule wamsaidie.